Chati ya Nusu Saa: Vichwa Vilivyoumia Kati ya Waa na Kivuko

Kabla ya bodaboda, na hata kabla ya lami, mtu aliyeumia kichwa Waa, pwani ya kusini ya Kenya, mara nyingi alikuwa ameanguka mnazi. Mkwezi hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kisu kiunoni. Mgema hupanda asubuhi na jioni, mwangua nazi hupanda msimu ukifika. Minazi mirefu ya kizamani hupita mita 20, na mvua ikinyesha vidato huteleza. Aliyeanguka, kama hakufa palepale, alibebwa juu ya kitanda cha kamba hadi uani, na amri ya kwanza ya wazee ilikuwa moja: asilale. Wanawake walimzunguka, wakamwita kwa jina lake, wakamuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Akijibu, roho zao zilitulia kidogo. Jibu likianza kupotea, wazee walianza kuitana pembeni.

Naanzia hapo kwa makusudi. Historia ya matibabu ya kichwa huandikwa kama historia ya visu na mashine, na wenye visu na mashine ndio wanaotajwa majina. Pwani ya kusini kisu kilikuwa mbali kwa miaka mingi, na mashine ilichelewa kufika. Aliyekuwepo siku zote ni mtu wa kukesha: mama au mke kwanza, halafu sista. Na kazi ya sista, ukiivua sare, haiko mbali na ile ya wanawake wa uani. Anamwita mgonjwa, anasikiliza amejibu nini, na anatakiwa ajue ni saa ngapi jibu lilibadilika. Yeye ameongeza kalamu.

Upande wa pili wa nchi hii kulikuwa na visu muda mrefu kabla ya hospitali. Abagusii walikuwa na mabingwa wao wa kichwa, omobari omotwe, waliopasua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo hadi kuondoa kipande, zaidi kwa watu waliopigwa kichwani na wakabaki na maumivu yasiyoisha. Madaktari wa kizungu waliowaona katika miaka ya 1950 walishangaa kwamba wagonjwa wengi walipona. Daktari Grounds aliandika juu yao mwaka 1958 katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki, na Edward Margetts wa Hospitali ya Mathari naye akafuatilia. Kilichowaokoa wagonjwa hao, pamoja na mkono mwepesi wa omobari, ni kuchaguliwa. Aliyefika kwa bingwa alikuwa ameshapita siku za hatari; hakuletwa akiwa amezirai usiku uleule wa kipigo.

Kuchagua huko ni kwa kale sana. Katika mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa yapata miaka 1600 kabla ya Kristo, kuna visa 48 vya majeraha, na zaidi ya nusu ni vya kichwa. Kila kisa kinaanza kwa kumkagua mgonjwa, kisha mganga anatoa moja ya kauli tatu: huyu nitamtibu, huyu nitapambana naye, huyu sina la kumfanyia. Muuguzi wa zamu katika chumba cha majeruhi leo anagawa watu katika mafungu hayohayo, ingawa hakuna anayethubutu kulitamka la tatu mbele ya jamaa wa mgonjwa.

Katika Kenya ya kikoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, upasuaji wa ubongo maana yake ilikuwa Nairobi. Mwitaliano Renato Ruberti alifika mwaka 1967 akitokea Naples, na huduma hiyo ikajengwa polepole katika Hospitali ya Kenyatta. Mwafrika wa kwanza wa Kenya kusomea fani hiyo, Gerishom Sande, alirudi kutoka Belfast mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa Waa, Nairobi ilikuwa mbali mara tatu. Kwanza uvuke maji, kisha upate hospitali kuu ya Mombasa, ambayo watu wa Pwani hadi leo wanaiita Makadara, kisha usafiri usiku kucha. Kivuko cha Likoni kilianza kufanya kazi mwaka 1937. Tangu hapo, kwa miongo mingi, kila mgonjwa mahututi wa Matuga, Kwale au Msambweni aliyepelekwa Mombasa alikaa foleni ya maji. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele, ndiyo, lakini nafasi ya mbele haisaidii kitu kama feri iko ng'ambo.

Huo mkondo wa maji ndio ulioipa kazi ya uuguzi uzito wa pekee huku kusini. Daktari wa Mombasa alikuwa anampokea mtu aliyeumia saa tatu, nne, au siku nzima nyuma. Swali lake la kwanza halikuwa tu mgonjwa yukoje. Alitaka kujua alikuwaje alipookotwa. Na kwa miaka mingi jibu alilolikuta kwenye barua lilikuwa maneno ya kubabaisha: amezirai, amezirai kidogo, hajitambui vizuri, analala sana. Sista mmoja akiandika "hajitambui vizuri" na mwenzake wa zamu ya usiku akaandika "analala sana", nani atasema kama mgonjwa ameteremka au amepanda?

Tatizo hilo halikuwa la Kwale peke yake. Huko Glasgow, Scotland, wapasuaji wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walikuwa wamechoshwa na vurugu ileile ya maneno. Mwaka 1974 walichapisha katika jarida la Lancet kipimo kifupi kisichohitaji kifaa chochote. Angalia mambo matatu tu: macho, usemi na mwendo wa viungo. Macho yana alama 4, usemi 5, na viungo, baada ya marekebisho yaliyofuata, 6. Aliye timamu kabisa anapata 15. Aliyezama kabisa anapata 3, kwa sababu kila kipengele kinaanzia moja. Kuanzia 13 hadi 15 jeraha huhesabiwa jepesi, 9 hadi 12 la wastani, 8 kwenda chini ni kali, na wa 8 kwenda chini huenda akashindwa kuilinda njia yake mwenyewe ya hewa.

Miaka michache tu kabla ya hapo, tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali moja ya London ilikuwa imempiga mgonjwa wa kwanza picha ya kichwa kwa mashine ya skani aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyezianza hesabu zake akiwa Cape Town, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1979. Basi vitu viwili vilizaliwa karibu pamoja: mashine ya mamilioni na karatasi ya bure. Karatasi ndiyo iliyovuka Likoni kwanza, na kwa muda mrefu ilikuwa peke yake.

Wacha tuione ikifanya kazi. Ni saa nane usiku, wadi ya wanaume, mgonjwa ameletwa jioni na bado yuko chini ya uangalizi wa kila nusu saa. Sista anasimama kwanza bila kusema neno, kwa sababu macho yanayofunguka yenyewe ni alama 4 na ukishaita umeliharibu jaribio. Hayakufunguka. Anaita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya juu. Yakifunguka hapo ni 3. Yasipofunguka anabana ukucha wa kidole kwa ubavu wa kalamu, akiongeza nguvu taratibu. Macho yakifunguka kwa maumivu ni 2. Kama yamevimba kiasi cha kutofunguka, haandiki 1. Anaandika kwamba yamefungwa na uvimbe, maana alama ya uongo ni mbaya kuliko kukosa alama.

Kisha anauliza. "Shikamoo babu. Hapa tuko wapi?" Babu akisema yuko Msambweni hospitali na anajua mwezi, ni 5. Akisema yuko shambani Waa na anamtaka mtu amshushie madafu, ni 4: maneno yamepangika ila amepotea. Maneno ya ovyo yasiyoshikana ni 3, kuguna ni 2, kimya ni 1. Hapa pana mtego ambao watu wa Glasgow hawakulazimika kuufikiria. Sista kijana aliyepangiwa kazi huku akitokea bara anauliza kwa Kiswahili cha shule, naye mzee aliyepigwa kichwa anajibu kwa Kidigo, lugha aliyoanza nayo duniani. Sista asiyeijua atasikia mlio usioeleweka na kuandika 2, kumbe mzee ametaja jina la kijiji chake, la mwanawe na la ng'ombe wake. Wauguzi wenye busara huwaita jamaa karibu na kitanda wakati wa kipimo, au humwita mfanyakazi wa usafi aliyezaliwa hapohapo. Tarehe nayo ina mambo yake: wapo wazee wasioijua tarehe ya serikali hata wakiwa wazima, lakini ukiwauliza mwezi wa Kiislamu hawakosei.

Mwisho ni viungo. "Babu, nikamate mkono. Haya, niachie." Neno la kuachia ni muhimu, kwa kuwa mtu aliyezirai anaweza kushika kidole kama mtoto mchanga afanyavyo, bila kukusudia. Akitii ni 6. Asipotii, sista anambinya mfupa wa juu ya jicho. Mkono ukipanda kuja kuutoa mkono wake ni 5, ukijivuta tu ni 4. Ukijikunja vibaya juu ya kifua ni 3, na ukinyooka na kujipinda kwa nje ni 2. Sista aliyewahi kuuona mkono ukitoka 5 kwenda 3 ndani ya saa moja huwa haendi kunywa chai. Anakwenda kwenye simu.

Bado tochi. Mboni mbili, upana wake kwa milimita, na kama zinasinyaa zikimulikwa. Mboni ya upande mmoja ikipanuka na kukataa mwanga, damu au uvimbe unausukuma ubongo, na saa iliyobaki si ya kuandikia barua ndefu. Kisha presha na mapigo. Mpasuaji wa ubongo Harvey Cushing alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi presha inavyopanda huku mapigo yakipungua na pumzi zikivurugika pale fuvu linapobanwa kwa ndani. Mwanafunzi huwa anafurahi kuona mapigo yameshuka kutoka 110 hadi 56 na mgonjwa "ametulia". Sista mkongwe hafurahi.

Mwaka 1975, tena Glasgow, watafiti waliwachunguza wagonjwa waliozungumza baada ya kuumia na baadaye wakafa. Walichokiona kinajulikana kwa kila mtu aliyefanya kazi chumba cha majeruhi Pwani: yule kijana aliyeanguka, akaamka, akajipangusa vumbi, akasema mimi mzima, akaenda kulala, asubuhi hakuamka. Mshipa chini ya fuvu ulikuwa unavuja kidogo kidogo. Amri ya wazee ya "asilale" imezaliwa na vifo vya namna hiyo, na haikuwa ushirikina. Ila hospitali imeibadili. Mgonjwa anaruhusiwa kulala, na anaamshwa. Kila nusu saa mpaka arudi alama 15, kisha kila nusu saa kwa saa mbili, kila saa kwa saa nne, halafu kila saa mbili.

Ugumu wa Pwani ni tembo la mnazi. Mgema anaonja, mnunuzi anakunywa, na barabara ni ya wote. Mtu akiletwa ananuka mnazi, mlango mzima unasema amelewa, mlazeni pembeni alale. Sijui kauli iliyoua watu wengi kuliko hiyo katika historia hii yote. Mlevi naye ana fuvu, tena ndiye anayeanguka vibaya. Kanuni wanayofundishwa wanafunzi wa vyuo vya mafunzo ya afya vya KMTC ni kali na ya haki: pima sukari, pima fahamu, na usiusingizie ulevi mpaka kichwa kimeondolewa lawama.

Kati ya kipimo na kipimo kuna saa nyingi, na uuguzi wenyewe unakaa humo. Kichwa cha kitanda kinainuliwa nyuzi 30, shingo inyooke ili damu ishuke vizuri kutoka kichwani. Kola ya shingo isikaze. Anageuzwa kila saa mbili, na kama shingo haijapigwa picha anageuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, mwili mzima kwa mkupuo mmoja, mmoja wao akiwa ameshika kichwa na ndiye anayehesabu. Majimaji meupe yakitoka sikioni hayazibwi kwa pamba. Yanaachwa yatiririke kwenye kitambaa safi, na mrija wa kupitia puani hautiwi. Homa inateremshwa mapema. Na akianza kuhangaika, kujirusha na kung'oa dripu, sista hakimbilii sindano ya usingizi. Anapapasa kwanza chini ya kitovu. Mara nyingi kibofu kimejaa, na mgonjwa asiyeweza kusema anasema kwa miguu. Akishatolewa mkojo anatulia, na kipimo cha nusu saa inayofuata kinakuwa cha kweli.

Dawa zimekuja na kuondoka. Kwa miongo mingi wagonjwa hawa walichomwa steroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 2004 utafiti mkubwa wa kimataifa, CRASH, uliowahusisha watu zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa ukoo huohuo ulionyesha kwamba dawa ya kuzuia kuvuja damu, ikitolewa ndani ya saa 3, huwasaidia wenye majeraha mepesi na ya wastani. Na nani anasema jeraha ni la wastani? Ni ile namba aliyoiandika sista mlangoni.

Wakati huohuo barabara ilikuwa inabadilika. Hoteli za Diani zilipoongezeka, magari nayo yaliongezeka kati ya Likoni na Ukunda, na Waa ikajikuta ubavuni mwa mbio hizo, shule zake na misikiti yake ikitazama lami. Sheria za barabarani za mwaka 2004, zilizopewa jina la waziri Michuki, zilifunga abiria mikanda na kupunguza kasi ya matatu kwa muda. Kisha mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na vijana waliokuwa wakisubiri kazi za hoteli au za shamba wakapata ajira ya kukaa juu ya tandiko. Vituo vya bodaboda vilijaa Ng'ombeni, Waa, Kombani. Abiria wakabebwa mshikaki, wawili watatu nyuma ya dereva mmoja, na helmeti, kama ipo, ikaning'inia kwenye usukani kwa ajili ya polisi.

Helmeti nayo ina historia yake. Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki na kufa baada ya siku sita bila kurudiwa na fahamu. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka. Mwaka 1941 alichapisha uchunguzi kuhusu wapanda pikipiki wa jeshi na faida ya kofia ngumu, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake waivae. Hoja ilikwisha hapo. Miaka zaidi ya 80 baadaye abiria wa Kombani bado anasema helmeti ya watu wengi ina jasho na inaharibu nywele. Sitamcheka, maana kweli ina jasho. Lakini nimekaa na wauguzi wa kutosha kujua wao wangechagua nini.

Pikipiki ilileta jambo jingine: ndiyo pia ambulensi. Aliyeanguka anaokotwa na wenzake, anakalishwa katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, na anakimbizwa zahanati. Wanafanya hivyo kwa upendo, na shingo iliyokuwa na ufa huvunjikia hapo. Ndiyo sababu muuguzi wa zahanati, ambaye usiku huwa peke yake, anaanza kwa kuishika shingo kabla hajaulizia jina.

Tangu mwaka 2013 hospitali ziko mikononi mwa kaunti, na Msambweni ndiyo ya rufaa kwa Kwale. Vifaa vimeongezeka, ugomvi wa mishahara pia. Mwaka 2017 ulianza madaktari wakiwa kwenye mgomo wa siku 100, na kuanzia Juni wauguzi wa nchi nzima wakagoma miezi mitano. Katika mgomo ule Wakenya walijifunza kwamba hospitali yenye mashine na isiyo na wauguzi ni jengo tu. Mgonjwa wa kichwa ndiye wa kwanza kuathirika, kwa sababu yeye haiti mtu.

Machi 2018 nchi nzima ilisikia kisa cha Hospitali ya Kenyatta. Wanaume wawili walikuwa wodini, mmoja ana damu iliyoganda kichwani, mwingine ana uvimbe usiohitaji kisu. Wakabadilishana, na aliyefunguliwa fuvu akawa yule asiyehitaji. Wapasuaji waligundua walipoikosa damu waliyoifuata. Mpasuaji na wauguzi waliohusika walisimamishwa, na mjadala ukawa wa nani alaumiwe. Kwa wanaofundisha uuguzi, mjadala ulikuwa wa kitu kidogo zaidi: kibandiko cha jina mkononi. Mgonjwa asiyeweza kujibu "unaitwa nani" ndiye anayehitaji jina lake liandikwe mwilini, likasomwe kitandani, mlangoni na mezani, na mtu yuleyule akisoma kwa sauti.

Maji ya Likoni nayo yamepata njia ya kuzungukwa. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja yake ya Mwache na Mteza, ilianza kupitisha magari hadi upande wa kusini mwaka 2024, na ambulensi ya Kwale inaweza kufika bara la Mombasa bila kugusa feri. Njia ni ndefu kwa kilomita ila haina foleni ya maji, na sista anayemsindikiza mgonjwa anaweza kuhesabu atafika saa ngapi. Ndani ya gari anaendelea vilevile: tochi, kucha, jina, chati juu ya goti.

Hata hivyo uamuzi wa kuwasha gari bado unafanyika kwenye zahanati, kwa simu. Anayepokea upande wa pili, akiwa mzoefu, hataki jumla. Ukimwambia "ana 10" atakuuliza kumi ipi, kwa sababu 10 ya mtu anayetii amri ila hasemi haifanani na 10 ya mtu anayeropoka na kujivuta. Teasdale mwenyewe aliwaomba watu miaka mingi waseme vipengele vyote vitatu. Kwa hiyo sista wa Waa anasoma: macho 3, usemi 4, viungo 6, mboni sawa pande zote mbili, presha na mapigo haya hapa, alianguka saa moja kasoro robo, alitapika mara mbili, alikuwa 15 alipoletwa. Upande wa pili kunasikika kalamu, halafu swali moja: "Hiyo 15 ilikuwa saa ngapi?"